Jani la Isale kwa Mwinjilisti

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, Mlima Meru umejifunika wingu hadi kiunoni, na mimi nina hasira.

Mnaonisoma humu mnajua sijawahi kukanyaga darasa. Mimi nasema, mke wa mwanangu, Furaha, anaandika. Tangu Jumapili hakuandika kitu, na hakukosea.

Jumapili mwinjilisti wetu alisoma habari za Yoshua na kuta za Yeriko. Sawa, ni Neno. Kisha akafumba macho akaombea vita vya huko kwa majirani, ng'ambo ya ziwa. Hakuombea viishe. Aliombea upande mmoja ushinde, eti mkubwa wa jeshi la upande huo ameokoka.

Furaha katoka huko. Mdogo wake wa kiume aliuawa na jeshi hilohilo, kwenye kizuizi cha barabarani, na walikuwa wamechora msalaba kwenye vitako vya bunduki. Alisimama na mtoto mgongoni, akapita katikati ya kanisa, akatoka.

Mimi nilibaki nimekaa.

Niseme na sababu, aibu isiniozee tumboni. Nilikuwa nimetoa mkungu wa ndizi mshare za kupika, mkubwa kuliko wote, na baada ya ibada sadaka hupigwa mnada pale nje. Nilitaka kuona nani ataununua. Mwenzangu analia njiani, mimi nanyoosha shingo kuangalia ndizi!

Nilipofika nyumbani nilikuta gauni la ubatizo kitandani kwangu, limekunjwa vizuri. Mtoto alikuwa abatizwe Jumapili hii. Gauni hilo walibatizwa nalo wanangu wote sita.

"Mama," akaniambia, "mwanangu hataombewa na mdomo ule."

 

Mimi ni Mchaga, niliolewa huku Umeruni. Kwetu ukimkosea mtu unakata jani la isale, mmea ule wa uzio, unampelekea. Akiliona hana ruhusa ya kukufukuza, hata kama umemwaga damu. Kawaida mdogo humpelekea mkubwa. Jumatatu nililikata mimi, mwenye mvi hizi, nikampelekea Furaha jikoni.

Akaliangalia. "Mama, hili ni la mbuzi?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Kisha nikamweleza. Akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati la vyombo. Halafu akauliza, "Na yeye? Ataleta lini?"

Basi jana nikakata lingine, nikapanda kilima hadi kwa mwinjilisti. Nilimkuta barazani na Biblia yake mezani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Shika hili, umpelekee mke wa mwanangu."

Akarudisha mikono nyuma kama nimempa nyoka. "Bibi, hayo ni mambo ya mizimu."

"Uzio wako wote ni masale, Mwinjilisti. Mizimu ndiyo inakulindia mahindi?"

Mkewe alicheka huko ndani. Yeye hakucheka. Akaniambia Neno ni Neno, hata Yoshua alitumwa na Mungu.

Nikamwambia: mimi sijui kusoma, ila nina masikio. Kitabu hicho kipo kwa hawa na kipo kwa wale. Hawa wanapiga magoti, na wale wanapiga magoti. Wote wanakifungua palepale penye kuchinja, na pale pa kumpenda adui kurasa zimegandana kwa kukosa kufunguliwa. Yeriko ilikuwa na watoto. Uliwahi kuwaombea hata siku moja? Unampa Mungu bunduki halafu unamwita Baba. Kwangu baba wa namna hiyo angelala nje na ng'ombe.

 Jani nikaliweka juu ya Biblia yake, nikashuka zangu. Nilimlea kwenye Shule ya Jumapili yule, nilimfuta kamasi kwa khanga yangu. Ndiyo maana inaniuma. Mjinga wa watu wengine nisingempandia kilima na magoti haya.

Mpaka sasa hajaja.

Nami nimeamua. Jumapili nitakaa kiti cha mbele, mikono mitupu, bila mkungu wala yai. Akimwombea tena muuaji nitasimama, na safari hii Furaha hatatoka peke yake. Wakitaka kunifuta kwenye daftari lao la washarika, wafute. Mungu hakunijua kwa daftari.

Furaha ameniuliza kama aandike jina la mwinjilisti. Nimemwambia aache, mwenyewe anajijua.

Gauni halipo tena kitandani kwangu. Nimeliona asubuhi hii ndani ya beseni, limelowekwa, kama la kuvaliwa Jumapili. Anaandika haya, na mimi siulizi.