Moshi Kwenye Dohani ya Mama

Apano Vrisi,
Agosti, siku chache baada ya sikukuu

Mdogo wangu mpenzi Kaliroi,

Pokea salamu zangu, kisha uzigawe humo nyumbani: kwa shemeji Fotis, ambaye nasikia mgongo umempa nafuu, kwa Asimina wetu, binti yako mwenye jina la mama, na kwa wanawe. Huko kwenu Melbourne sasa ni baridi, na huku jiwe la kizingitini linaunguza mguu. Basi mimi nikuombee joto kidogo, nawe uniombee kivuli. Mimi sijambo. Goti la kushoto limenuna tangu niliposhuka melini, lakini hilo ni goti la mjini Pireo, halijui milima. Nimeliambia litazoea.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza nikiwa katikati, na jambo hili ukilisikia nusu utalielewa vibaya. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na nimewaona wengi wakiruka mstari mmoja kisha wakalia na jibu. Vumilia basi, usome kwa mpangilio.

Ulinituma nije kuifunga nyumba ya mama, na baada ya sikukuu nimkabidhi ufunguo yule daktari wa meno wa Athens atakapokuja na karatasi zake za kusaini. Nilikubali, na nilikubali kwa moyo safi. Nyumba ni yako. Kwa desturi ya kisiwa chetu nyumba humfuata binti, sisi wanaume tunaambulia mashamba yenye mawe na haki ya kunung'unika. Sababu zako pia nilizielewa: paa linavuja, wewe uko upande wa pili wa dunia, na Asimina hajalala humo hata usiku mmoja.

Nilipanda kwa njia ya punda, maana teksi ya bandarini inaishia kwenye kanisa la chini. Njiani nikamkuta Zannis, mume wa Moskhoula, jirani yetu wa juu, akirudisha jiwe kwenye ukuta ulioporomoka. Ukuta si wake. Ni wa watu waliohamia Kanada zamani. Lakini wajua mtindo wetu: anayekuta jiwe limeanguka hulirudisha, kisha anaendelea na safari yake. Mimi nilikuwa nimelipita langu hatua kadhaa nyuma bila hata kulitazama. Zannis akanikagua toka kofia mpaka viatu.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Huko mjini hamuinami?"

Nikarudi nikaliweka. Akaja nyuma yangu, akalitoa, akaligeuza, akaliweka upya. 

Kaliroi, nilitegemea kukuta kijiji kilichokufa. Ni kweli nyumba zenye watu zinahesabika kwa vidole, na watu wenyewe ni rika langu au zaidi. Lakini matuta yote yaliyo chini ya chemchemi yamelimwa. Shayiri imekwisha purwa, vitunguu vimesukwa na kuning'inizwa, tini zinakauka juu ya mapaa, zimetandazwa kwenye matete. Moskhoula nyonga imemharibikia, anatembea kwa fimbo mbili, lakini bado anawakamua mbuzi wake akiwa amekaa kwenye kiti cha shule yetu ya zamani, na mbuzi wanapanga foleni vizuri kuliko tulivyokuwa tukipanga sisi. Hakuna anayekimbia na hakuna kinacholala. Nilikaa barazani nikiwatazama kama ninavyotazama hesabu iliyofanywa vizuri, isiyo na mstari wa ziada.

Sasa nikueleze habari ya maji. Najua unaijua, lakini nikimaliza siku bila kumweleza mtu kitu kichwa huniuma. Kila bustani ina zamu yake ya chemchemi, na zamu huanza na kwisha kivuli cha mwamba mkubwa kinapogusa alama zilizochongwa na wazee wa wazee wetu. Zamu ni ya nyumba, si ya mtu. Asubuhi yangu ya pili nikasikia maji yakitiririka nyuma ya jiko la mama. Kutoka nje, nikamkuta Zannis na jembe, amefungua mfereji wetu. Nikamwambia pale hakuna bustani tena, ni magugu matupu.

"Kuna mlimau," akajibu.

Nikamuuliza ameanza lini kuumwagilia. Akasema tangu tulipomzika mama. Nikastaajabu, nikamwambia angeweza kuyaelekeza maji yale kwenye vitunguu vyake, na nani angejua? Akanitazama kama mwanafunzi wangu aliyesikia mwalimu amekosea kujumlisha. Vitunguu vyake, akaniambia, vina zamu yao.

Ule mlimau, Kaliroi, ndio alioupanda baba ulipozaliwa wewe. Miaka yote hii mimi na wewe tukiutaja kama kitu kilichokwisha, kumbe matawi yake yamelemewa hata yanashikiliwa kwa miti. Kila mwaka Moskhoula anachuma maua na malimau, anapika maganda kwa sukari kuwa vile vitamu vya kuliwa kwa kijiko, na nusu ya mitungi anaiweka kwenye kabati la mama. Nimeikuta imepangwa. Alisema hakutaka tudhani ameiba.

Nilipomwuliza anaendeleaje, ndipo nikaambiwa lililokuwa likiwaumiza wote. Ni picha takatifu ya Mama wa Mungu.

Niruhusu nieleze tena, kwa ajili ya Asimina, utakapomsomea. Picha ile haikai kanisani. Hukaa mwaka mzima katika nyumba moja, na kila jioni lazima mtu aiwashie kandili. Siku ya sikukuu yake huhamia nyumba nyingine, na mwenye nyumba mpya ndiye atakayewalisha watu sikukuu ijayo. Hakuna anayeulizwa kama ataichukua, na hakuna anayejitangaza kwa mdomo. Zamani watu walijitangaza, wakagombana, na wengine wakaahidi kwa sifa kisha wakajificha. Kwa hiyo wazee wakaamua kwamba nyumba inayoitaka itawasha moto wa mekoni, ndani, asubuhi ya mkesha, na kuutia matawi mabichi ya mzeituni ili utoe moshi mweupe. Katikati ya Agosti hakuna mwenye akili anayewasha moto ndani ya nyumba. Wote tunapikia uani. Moshi ukitoka kwenye dohani asubuhi hiyo, basi neno limesemwa. Na picha ikishaingia haitoki ila kwa moshi wa nyumba nyingine. Tena anayeivusha kizingiti kuitoa siku ya sikukuu lazima awe mwanamke mwenye nyumba inamokaa, kwa mikono yake.

Zannis na Moskhoula wamekaa nayo mwaka baada ya mwaka, kwa sababu hapakuwa na moshi kwingine. Sasa nyonga imewashinda, na baridi ikija wanahamia kwa binti yao bandarini. Waliobaki wamechoka, au ni wajane wa kiume, na mjane hana wa kuivusha kizingiti. Padri Nikiforos aliwaambia kwa upole kwamba mwaka huu moshi usipotoka, ataishusha picha kwenye kanisa kubwa la bandarini, na sikukuu itafanyika huko. Hakuna aliyebisha. Moskhoula alikuwa amekwisha kuishonea mfuko wa kuibebea, na pembeni ameudarizi majani ya mlimau.

"Huko kuna kiyoyozi," akaniambia, akikata uzi kwa meno. "Mama naye amechoka na joto letu."

Alicheka, na mimi nikacheka. Kisha akaomba nimshikie sindano, akatoka nje akakaa huko muda mrefu.

Asubuhi ya mkesha niliamka mapema ili nisafishe nyumba kabla daktari hajaja. Ndani ya dohani nikasikia mvumo. Nikajisemea ni nyigu, na nyumba yenye nyigu huwezi kumkabidhi mtu. Wajua dawa ya nyigu ni moshi. Nikawasha matawi makavu ya mzabibu mekoni, nikayatupia matawi mabichi yaliyokuwa uani, nikatoka nje nikikohoa. Upepo wa kaskazini ulikuwa umetulia. Moshi ukapanda wima, mweupe, mrefu, ukasimama juu ya kijiji kizima.

Wa kwanza kufika alikuwa Moskhoula. Sijui alishukaje na zile fimbo. Hakunisalimu, alipita akabusu mwimo wa mlango wa mama. Nyuma yake Zannis, ana povu la sabuni upande mmoja wa uso, wembe bado mkononi. Nyuma yao wengine, na mzee mmoja wa kijiji cha chini aliyeacha punda wake njiani. Mimi nimesimama na masizi mpaka kwenye nyusi.

"Nilijua," Moskhoula akaniambia. "Nilimwambia huyu kichwa ngumu, mtoto wa Asimina hawezi kupanda mlima wote ule kwa ajili ya kufuli."

"Ulisema amekuja kuuza," akasema Zannis.

"Nilisema hivyo mbele za watu. Nyoa upande wa pili, unatutia aibu."

Ungekuwa wewe ungewaambia nini? Mimi nikaingia ndani kunawa masizi.

Siku ya sikukuu, baada ya misa, Padri alisimama mlangoni kutangaza nyumba. Kijijini nyumba yetu haijawahi kuitwa kwa jina jingine ila nyumba ya Asimina, na nilidhani atasema hivyo. Alisema, "Imepokewa na nyumba ya Kaliroi." Watu wote wakaitikia, "Na mwakani pia." Wakala dengu zilizolala kwenye vyungu ndani ya tanuri la kijiji, na mbuzi, na mkate wa shayiri, wakanywa divai ya Zannis ambayo bado ni kali kama maneno yake. Kisha Moskhoula akazitupa fimbo zake, akaibeba picha mikononi, Zannis akamshika kiunoni kwa nyuma, na hivyo wakaja hatua kwa hatua mpaka kwetu. Picha iko juu ya kasha la mama. Kila jioni mimi ndiye ninayewasha kandili.

Daktari alikuja kesho yake. Si mtu mbaya. Alipoiona picha alivua kofia, akauliza kwa adabu kama inawezekana kuihamishia mahali pengine kwa muda. Moskhoula alikuwa amekaa pale akimenya maharage.

"Inawezekana, mwanangu," akamjibu. "Ihamishe."

Daktari aliitazama picha, akamtazama Moskhoula, akavaa kofia yake. Alisema atasubiri neno lako.

Sasa, Kaliroi, nimefika kwenye mstari ambao sikutaka uuruke. Hakukuwa na nyigu.

Hakukuwa na mvumo wowote. Usiku ule sikuwa nimeamua kitu. Niliamka alfajiri, nikatoka kunawa, nikauona mlimau umelowa maji, nikaingia ndani nikakusanya kuni. Nilijua ni siku gani na moshi ule una maana gani. Matawi mabichi hayakuwa uani; niliyakata kwenye mzeituni wetu wa pili kwa kisu cha baba. Habari ya nyigu niliitunga kwa ajili yako, na ilinichukua muda kuipanga, lakini nikijaribu kuimalizia barua hii juu yake mkono unakataa.

Nimeitumia nyumba yako bila ruhusa yako, kumpa ahadi Mama wa Mungu, ambaye hurudishiwi neno ukishampa. Sina haki hiyo kwa desturi wala kwa sheria. Una haki ya kukasirika, na ukitaka nitawaeleza wote kwamba ni mimi niliyedanganya. Padri ataibeba picha kwenda bandarini ndani ya mfuko wa Moskhoula, na daktari bado ana namba yako. Mimi nitabeba aibu yangu mpaka Pireo, si mzigo mzito kwa mtu wa umri wangu.

Lakini nikueleze na sababu, kwa kuwa sijawahi kutoa jibu bila njia. Wakati wa mazishi ya mama ulikuwa hospitalini, hukuweza kuja, na tangu hapo kila mwaka tunasema mwaka ujao. Nyumba hii ikiuzwa, wewe hutakuwa na sababu ya kuja, na mimi sitakuwa na mahali pa kukungojea. Nilipoona wenzetu wameutunzia mlimau maji yake muda wote huu bila kuambiwa, niliona haya kwamba mimi, ndugu yako wa damu, nilikuja kufunga mlango. Nitakaa hapa mwaka mzima kuwasha kandili. Paa nimeanza kuliziba, Zannis ananifundisha na kunitukana. Kupika naweza, kuwalisha watu naweza. Lisilowezekana kwangu ni moja tu: Agosti ijayo mwanamke mwenye nyumba lazima aibebe picha kuivusha kizingiti, na mwanamke huyo anaishi Melbourne.

Msalimie sana Fotis, asije akalaumu ukoo mzima kwa kosa la mmoja. Mwambie Asimina kwamba hapa kuna kitanda alichozaliwia mama yake, nimekipigilia miguu. Moskhoula anakusalimu, na anauliza kama bado unapenda vitamu vya mlimau au umezoea mambo ya huko. Zannis hajasema anakusalimu, lakini leo asubuhi kivuli kilipofika kwenye alama yetu, alinikabidhi jembe.

Wako akupendaye, anayesubiri hasira zako au tiketi yako,

Kaka yako Iakovos

Na mwakani pia.