Mbio za Bustanini

Jumanne, 13 Julai 2004

Sijamwambia mtu: tangu nimalize shule, moyo hunidunda kila asubuhi mpaka naogopa kufungua mlango. Leo Mama alinituma kununua dania ya mchuzi kwenye maduka ya mtaa wa Alum Rock. Nilipitia bustanini, nikaona hakuna mtu nyasini, nikapandisha buibui kidogo, nikakimbia.

Jirani yetu, Mama Halima, akanikuta.

"We msichana, nani anakufukuza?"

"Hakuna. Nakimbia tu."

Akacheka, akatupa mfuko wake nyasini. "Basi ningoje!"

Tuliizunguka miti polepole, mabuibui yakijaa upepo, magari ya mtaa wetu wa Saltley yakisikika kwa mbali kama usingizini. Kifua kikatulia, kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule.

Mama akijua nakimbia mbele za watu, atanikataza. Mama Halima ameapa hatasema. Na wewe, daftari langu, tafadhali usiseme.