Unyusi Uliovunja Uchumba

Shoga, uko wapi? Shika simu!

Zile sindano za kipandauso nilizochomwa kwenye paji la uso zimenituliza kichwa kabisa, ila unyusi wa kushoto umepanda juu na umegoma kushuka. Sasa leo wifi kamleta mchumba wake nyumbani.

Jamaa anasema, "Mimi sijawahi kuoa." Namwangalia tu. Unyusi juu.

"Shemeji, mbona unanitazama hivyo?"

Naona aibu kueleza habari za sindano mbele ya wakwe. JAMAA JASHO LINAMTOKA!

"Basi, mke ninaye. Na watoto wawili."

Wawili, shoga!

Wifi yuko chumbani analia. Nikamnong'oneza mama mkwe kwamba kesho daktari ataushusha huu unyusi kwa sindano nyingine ndogo.

Kanikamata mkono: "Thubutu! Subiri kwanza mdogo wake wifi yako naye aposwe."