Habari za Fairfield kwa Mtu wa Barafuni

Jumatatu, 6 Juni 2016

Saa tatu asubuhi, simu ya setilaiti. Baraka alikuwa tayari. Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Upepo wa kusini-mashariki, wa wastani. Mawingu machache. Fito zote tisa zimesimama, zote amezipima. Alisoma, nikarudia, akathibitisha. Dakika sita.

Yeye husema "makumi tatu na moya". Wakongo wa mashariki huhesabu hivyo. Februari nilimcheka. Siku hizi naandika tu.

Kwenye treni ya kurudi Doonside, kitongoji ninakoishi, mama mmoja wa Nairobi aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza. Kule Antaktiki kuna mto wa barafu. Juu yake kuna mashine inayopima joto na upepo na kututumia yenyewe. Theluji haina mashine ya kuaminika, kwa hiyo kuna mtu, mwaka huu ni Baraka, anayetoka nje kila asubuhi, kiza kitupu wakati huu wa mwaka, anapita kwenye mstari wa fito za mwanzi na kupima kwa rula theluji imefika wapi. Imefanywa hivyo tangu mimi nikiwa mtoto. Hakuna siku iliyorukwa. Mimi niko ofisini mjini, nahakikisha tarakimu ni ya kweli kabla haijaingia daftarini. Aliniangalia sana. Akauliza, "Na kweli wanakulipa?"

Jumanne, 7 Juni

Tarakimu sawa. Tunapewa dakika kumi. Zinazobaki baada ya kazi ni za mama yake.

Mama Zawadi hasikii vizuri simu ya mbali, na barua pepe haijui. Kwa hiyo Baraka alipoondoka aliniomba nipite kwake Fairfield, mara moja tu, nimpelekee salamu. Sijakosa Jumamosi hata moja tangu hapo. Nakula sombe, kisamvu chao, nasemwa kwamba Wakenya tunakula kama tunaogopa chakula, nabeba maneno. Jumapili asubuhi napokea simu nyumbani na kuyafikisha. Siku nyingine zote anauliza tu yuko vipi.

Ndiyo nyumba pekee hapa Sydney ninayoingia bila kupiga simu kwanza.

Jumatano, 8 Juni

Neema, dada yake Baraka, alipiga saa kumi jioni. Mama Zawadi ameanguka jikoni. Kiharusi. Yuko hospitali. Nisimwambie Baraka kwanza, tuone.

Alhamisi, 9 Juni

Baraka aliuliza mama yuko vipi. Nikamwambia sijafika Fairfield tangu Jumamosi. Kweli tupu.

Jumamosi, 11 Juni

Amefariki. Saa nane mchana. Nilikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango.

Tonton Deo, yaani mjomba, mdogo wake marehemu, alitukusanya nje, penye magari. Alisema Baraka asiambiwe. Hakuna ndege ya kwenda kule wala ya kutoka mpaka Novemba. Ataambiwa Novemba, akishashuka, akiwa amezungukwa na watu wake. Habari ya kifo hupelekwa na watu, haitumwi. Wanaenda, wanaketi naye, wanaongea mengine, halafu mkubwa mmoja anasema. Baba yao Tonton na marehemu alipofariki Uvira walifanya hivyo hivyo, Mama Zawadi akaambiwa baada ya wiki tatu.

Kwetu Ukambani pia ni hivyo. Sina la kubisha.

Neema alinishika mkono. "Usimuambie, Mama. Ule mutoto eko peke yake kule."

Kila mmoja aliulizwa kwa jina lake kama amekubali. Nami nikakubali.

Jumapili, 12 Juni

Saa tatu. Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Fito tisa. Kisha akauliza, mama eko aje?

Nikamwambia nilikuwa naye jana.

Miaka ishirini na sita gazetini Nakuru. Nimewahoji wakubwa waliojibu hivi, kila neno kweli na yote kwa pamoja uwongo. Niliwaandika kwa majina.

Jumatano, 15 Juni

Aliuliza kama mama anakula vizuri. Nikasema anakula.

Huo sasa ni uwongo. Wa kwanza. Nauandika hapa ili uwe na tarehe.

Alhamisi, 16 Juni

Sikupokea simu. Nilimwambia Greg, msimamizi wangu, kwamba nina mafua, akaipokea yeye. Sina mafua. Huo wa pili.

Mchana nilimweleza ukweli. Alisikitika. Akasema kanuni iko wazi: habari za familia hutolewa na familia, na familia imeshasema. Hayatuhusu. Akaniuliza kama nataka mtu mwingine apokee simu za asubuhi. Nikasema hapana, haraka kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi, 18 Juni

Tumemzika. Sitaandika leo.

Jumatatu, 20 Juni

Tarakimu. Aliuliza mbona mama hajatuma maneno ya Jumamosi. Nikasema kulikuwa na wageni wengi.

Sahani moja, kikombe kimoja kwenye sinki langu. Nilivikuta asubuhi, nikavikuta jioni.

Jumanne, 21 Juni

Katikati ya majira ya baridi. Kule kituoni ndiyo sikukuu yao kubwa. Wametuma picha: watu kumi mezani, taji za karatasi kichwani. Baraka yuko mwisho wa meza, amevaa tai. Anacheka kwa mdomo tu.

Jioni Neema alinitumia sauti ya mama yake aliyoirekodi mwezi wa nne. Anamsalimu Baraka, anamwambia avae soksi mbili, anacheka. Tonton anataka kesho asubuhi niishike karibu na simu, Baraka asikie, atulie.

Nilisikiliza mara moja. Nikampigia Neema, nikasema siwezi. Alilia. Tonton akachukua simu. Alisema alijua tangu mwanzo kwamba mtu wa gazeti mdomo unamwasha.

Nilimwambia kunyamaza nitanyamaza. Kumpa mtu sauti ya maiti kama salamu ya leo, hapana.

Alisema mimi si wa kuwafundisha msiba.

Ni kweli.

Jumatano, 22 Juni

Tarakimu ya fito ni ile ile ya jana. Na ya juzi. Fito zote tisa, hakuna iliyopanda wala kushuka hata kidole kimoja. Mashine inasema upepo ulivuma vibaya siku zote tatu. Upepo wa namna hiyo hauachi theluji mahali pake.

Niliandika kwa penseli. Sikuingiza daftarini.

Alhamisi, 23 Juni

Tena ile ile. Nikamwuliza alitoka saa ngapi. Akasema saa mbili. Nikamwuliza alivaa viatu gani. Swali la kipuuzi, lakini ndilo linalofanya kazi: mwongo hujiandaa kwa maswali makubwa.

Akasema hajatoka tangu Jumatatu. Anakaa mbele ya kompyuta, anangoja barua kutoka nyumbani. Ikija, anaisoma, anangoja nyingine.

Nikamwambia siku ambayo hukupima, sema hukupima. Pengo tunaweza kuliandika. Tarakimu ya kutunga inaharibu zote zilizo jirani yake, kwa sababu hakuna atakayejua ni ipi.

Nilijisikia nikisema. Nikaona haya.

Naye aliniachia nimalize. Halafu akasema polepole, naandika alivyosema:

"Batu batano baliniandikia hii juma, Mama. Hata binamu wa Brisbane. Hakuna mutu huwa ananiandikia. Bote banauliza kama ninakula. Kuko nini?"

Hivyo ndivyo walivyofanya. Kila mtu aliyejua alimhurumia, na kila aliyemhurumia alimwandikia. Siri imevuja kwa wema.

Zilibaki dakika mbili. Nikasema, "Kesho."

Neno hilo lilikuwa jibu.

Saa kumi na mbili jioni nilimpigia Neema. Sikutaka kufanya nyuma ya mgongo wao. Nikasema Baraka anakaa mbele ya kompyuta siku tatu, hatoki, na kutojua kunamla kuliko kujua. Akampa Tonton simu, naye akajibu. Nikimwambia, nisikanyage kwao tena. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Nimekaa mezani kwa muda mrefu. Orodha ya nyumba ninazoingia hapa Sydney: moja.

Ijumaa, 24 Juni

Saa mbili asubuhi nilimpigia daktari wa kituo. Mwanamume wa Queensland, sauti nzito. Nilimwambia yaliyotokea na ninachokwenda kusema. Kisha nikampa maagizo. Aende kwa Baraka na chai. Aketi karibu. Asimpe pole, asimshike bega, asianze kulizungumza. Aongee habari nyingine, robo saa nzima, mpaka simu iite. Aliuliza kwa nini. Nikasema kwetu ndivyo inavyofanywa. Akasema sawa, anajua mambo ya mpira.

Saa tatu.

Sikuanza na tarakimu.

"Baraka, Mama Zawadi alifariki Jumamosi tarehe kumi na moja, saa nane mchana. Kiharusi. Mimi na Neema tulikuwepo. Nilikuficha siku kumi na tatu. Nisamehe."

Kimya. Kwenye setilaiti kimya kina mlio wake, kama maji yanayochemka mbali. Nilitazama saa. Dakika moja na sekunde ishirini.

"Dokta alileta chai," akasema. "Akaanza kuniambia timu yake ilipigwa tena. Eko anaangalia chini. Nikajua ni wewe ulimufundisha."

Nikamwuliza kama daktari bado yupo. Alikuwepo. Laini ikakatika yenyewe zilipoisha dakika kumi.

Daftarini, kuanzia Jumanne hadi leo, siku nne, nimeandika: haikupimwa. Greg alisimama nyuma yangu akasoma. Tangu mwanzo wa daftari hakuna neno hilo. Alisema angalau tuweke makadirio, tarakimu za juma lililopita zipo. Nikasema hapana. Hakung'ang'ana. Kuhusu kanuni, ataandika barua iingie kwenye faili langu. Nikamwambia aandike, ni haki yake.

Nimeandika ujumbe kwa Neema: ameambiwa, daktari yuko naye. Umesomwa. Haukujibiwa.

Jumamosi, 25 Juni

Simu ya asubuhi alipokea daktari mwenyewe, akanisomea joto na upepo. Fito hazikupimwa. Baraka amelala, alisema. Amelala sana. Ni vizuri.

Sikwenda Fairfield.

Nilifua. Nilinunua mboga, nikapika ugali, nikamwaga nusu. Mkono bado unapima unga wa watu wengi. Saa saba nilijikuta stesheni. Treni ya kwenda Blacktown, ambako hubadilisha treni ya Fairfield, ilikuja ikafungua milango. Nikaitazama mpaka ikafunga.

Nina upweke. Nauandika kama kitu kingine chochote kilichopo.

Jumapili, 26 Juni

Joto, upepo. Fito hazikupimwa.

Kanisani hapa Doonside mtu alinisalimia kwa jina la mtu mwingine. Niliitikia.

Jumatatu, 27 Juni

Baraka mwenyewe. Sauti imekauka. Nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri. Alitoka saa mbili pamoja na daktari aliyeshika taa. Fito ya nne imelala, wameisimamisha. Tarakimu zimebadilika zote, kama inavyopaswa.

Nilirudia. Alithibitisha.

Zilibaki dakika nne. Alisema Neema amempigia jana, wamelia wote wawili. Tonton bado hajazungumza naye. Hajazungumza na mtu yeyote, anakaa uani. Kisha akaniomba kitu. Neema hawezi kumsimulia mazishi, akianza analia. Wengine wanamwambia yalikuwa mazuri. Hataki mazuri. "Wewe ulikuwa wa gazeti," alisema. "Niambie vile ulikuwa unaandika. Kuanzia asubui. Usiruke."

Nikaanza. Nani alifika wa kwanza, na gari gani. Sanduku la rangi gani, lilibebwa na nani, nani alibadilishana na nani mlangoni. Mchungaji alichelewa dakika ishirini na tano. Wimbo wa kwanza walianza juu mno, wakaacha, wakaanza tena. Dakika zikaisha tukiwa bado kanisani.

Jumanne, 28 Juni

Tarakimu kwanza. Fito tisa.

Kisha nikaendelea. Kutoka kanisani hadi makaburini. Neema alivaa kitambaa cha mama yake, kile cha kijani. Tonton alisoma Zaburi, akakosea mstari, akarudi nyuma akausoma tena sawasawa. Udongo ulikuwa mwekundu na mgumu. Wanaume walipokezana sepetu mpaka kaburi likajaa, hawakuwaachia wafanyakazi. Watoto walikuwa wakiongea Kiingereza nyuma ya magari, wakaambiwa wanyamaze. Chakula kilikuwa ukumbini, sombe ilitosha, wali haukutosha. Alicheka kidogo hapo. Alijua ni shangazi yupi aliyepika wali.

Hakunikatiza. Mara mbili aliuliza jina.

Mwisho akauliza ni nani aliyeondoka kaburini wa mwisho.

Nikasema mimi. Watu walikuwa na magari yao na ukumbi wa kuwahi. Mimi nilikuwa na treni ya kunifikisha ukumbini, na zipo nyingi.

"Ulikaa muda gani?"

"Dakika arobaini."

Nikasikia karatasi ikigeuzwa. Akasema amesahau kunipa mawingu, kisha akanisomea mawingu.