Wajina Wako Amegoma Kula Nyama

Mama,
Hujambo huko Kitui kwenye jua? Huku Riruta ni baridi tupu, nalala na koti.

Lile kovu la uji wa moto lililomkunja mkono wajina wako, daktari alilikata. Akatandika ngozi ya bandia iliyotengenezwa kutokana na ng'ombe, na iliposhika akaifunika kwa ngozi nyembamba ya paja la mtoto mwenyewe. Mtoto alielezwa yote, na hasahau kitu, kama wewe.

Jumapili nikampeleka Dagoretti, nikaagiza nyama choma. Akaisukuma sahani mpaka upande wangu.

"Sili, baba. Ng'ombe amenipa ngozi, halafu nimtafune?"

Mchomaji alicheka hadi akaweka kisu chini. Mimi nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Sahani ameisukuma kwa mkono ule ule, na kiwiko kimenyooka kabisa!

Bado atavaa kitambaa cha kubana kwa muda, lakini akirudi atakukumbatia kwa mikono yote miwili.

Mungu akutunze, mama. Na yule ng'ombe dume uliyemtenga kwa karamu ya kutupokea, mrudishe malishoni. Tuchinjie kuku.

Mwanao,
Mutua