Usukani wa Landrova ya Baba

Mpwapwa, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mayu. Nakuandikia nikiwa kibarazani kwangu, na upepo wa Ugogo unaipeperusha karatasi mpaka nimeiwekea jiwe. Mimi ni mzima, wasiwasi wangu ni magoti yako. Ile dawa ya kuchua bado ipo, au umeshamgawia jirani kama kawaida yako? Na mdogo wangu Mihayo anakula, au anashinda chini ya gari mpaka uji unapoa?

Alinitumia picha. Sikuamini kama ndiyo ile Landrova waliyokuwa wanatagia kuku hapo uani. Bodi kainyoosha, chesisi kaichomelea, na kijani chake kimerudi vilevile kama baba alivyokipenda. Anasema injini inawaka vizuri, ila gari haliendi popote kwa sababu halina usukani, na wewe umemkataza kununua mwingine. "Mama kasema mtani ndiye aliyeuchukua, kwa hiyo lazima ukombolewe," kaniandikia, na alama ya kicheko juu yake. Mimi sikucheka. Kuna jambo nimeshindwa kukuambia kwenye simu, kila nikianza nageuza maneno.

Siku tunamzika baba, kabla hatujampeleka Urambo, ulikuwa ndani na kina mama, hukuona ya uani. Mzee Ndahani, yule mtani wetu Mgogo aliyefanya kazi stesheni ya Tabora miaka yote ile, alivaa koti la mvua la baba, akapanda Landrova, akapiga honi kwa mdomo huku akifoka kama baba alivyokuwa anafokea mbuzi barabarani. Watu walicheka. Kisha akachukua spana, akafungua usukani, akaubeba kichwani. Akasema hakuna Mnyamwezi wa kwenda mbinguni bila kulipa ushuru wa njia, kama babu zake walivyowatoza wapagazi wetu walipokatiza Ugogo na mizigo yao. Akanijia mimi, mtoto wa kwanza. "Haya, mpagazi, ukomboe. Nataka jogoo mmoja na matusi mawili."

Kazi yangu ilikuwa kumtukana kidogo na kukamata jogoo. Badala yake nilimwambia, mbele ya watu wote, aondoke na upuuzi wake, baba yangu si kitu cha kuchezea. Alivua koti la baba, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Usukani akaondoka nao, maana mtani harudishi kitu ambacho hakijakombolewa. Jioni uliponiuliza, nikakujibu kwamba nilimpa jogoo akamkataa.

Nilikudanganya, mama. Miaka tisa umemwona mzee wa watu kuwa mkorofi. Miaka tisa gari limekaa, na wewe hujalitia macho kaburi la baba kule shambani Urambo, kwa sababu njia ile hakuna bodaboda utakayoiweza kwa magoti hayo. Kosa ni langu, si la Mzee Ndahani.

Barua yangu ya uhamisho ilipokuja, ulisema huku ni kwa Ndahani, nikaufuate usukani. Mwezi wa kwanza nikajisemea kazi za zahanati ni nyingi. Wa pili nikasingizia mvua. Nyumba yake haifiki nusu saa kwa miguu, mama. Ni aibu tu iliyonishika. Jumanne iliyopita mzazi mmoja aliyeleta mtoto kliniki akaniambia foleni ni fupi leo kwa sababu watu wapo msibani kwa Mzee Ndahani.

Nilivua sare, nikaondoka. Nilitembea kama niko ndotoni. Njia inapita katikati ya mashamba ya mtama, na watu wa hapa wanasema wapagazi wa zamani walipita hapohapo wakitoka kwetu na pembe na nta. Niliwaona kabisa, wamejipanga, hawasemi neno, nami niko nyuma yao na mzigo ambao sikujua nitautua wapi.

Nilikuta watu wameinama tu. Nyemo, binti yake wa pekee, aliposikia natoka Tabora alinisogelea. "Watani mmechelewa," akasema.

Mlangoni ilikuwa imetundikwa kofia ya reli ya mzee. Nikaivaa. Nikasimama katikati ya uwanja na kutangaza, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, kwamba treni ya mbinguni imechelewa kuondoka kwa sababu Wagogo wote wamepanda bila tiketi. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikadhani nimeharibu tena. Halafu bibi mmoja, dada wa marehemu, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Huyu kweli mtani," akasema, na uwanja mzima ukacheka. Nami nilicheka huku nalia. Nilimlilia yeye, na nikamlilia baba, ambaye siku ile hasira zilininyima kumlilia.

Nyemo aliingia ndani akatoka na usukani umefungwa kwenye kanga. Mzee alikuwa anaupaka mafuta usipasuke. "Alisema ipo siku utakuja kumtukana vizuri," akaniambia. Jogoo nilimpeleka kesho yake.

Tangu hapo, nikitoka kazini nakaa hapa kibarazani na usukani mapajani, naendesha. Cheka tu. Napita Dodoma, napandisha Manyoni, naingia vichaka vya Itigi. Baba yuko pembeni yangu, mkono nje ya dirisha, ananiambia nipunguze mwendo, mbele kuna mchanga. Wapagazi wanatupisha, mmoja anatupungia. Miyombo inaanza, hewa inanukia asali. Nafika nyumbani Mtendeni, nawe uko mlangoni umevaa kitenge chako cha kanisani. Kila mara nashtuka kabla hujapanda.

Mzigo huu anauleta muuguzi mwenzangu anayekwenda likizo kwao Nzega kwa kupitia hapo Tabora. Mwambie Mihayo asiupake rangi usukani. Pale juu palipolika ni pa dole gumba la baba. Nisalimie shangazi, mwambie upawa wake bado ninao. Nisalimie baba mdogo wa Bukene na mizinga yake, na mama mchungaji anayekusomea barua zangu, ambaye najua hapa amesita kidogo na kukutazama.

Ndani ya mzigo mtakuta pia kofia ya reli. Niliondoka nayo msibani, ni haki yangu. Nyemo anasema akimaliza kuvuna atapanda treni aje kuikomboa mwenyewe. Basi safari ya kwanza ya hilo gari iwe kumpokea stesheni. Usimpe kofia kirahisi, mama, mdai jogoo, na umtukane mpaka aridhike. Halafu pandeni wote mwende Urambo, mkamwambie baba ushuru wake umelipwa. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, ila uwe umeshapanda.

Mwanao mpagazi,
Kabula