Tangi la Maji Nililolifuta

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nalisalimu jicho lako la kulia, maana nasikia ndilo lililofanyiwa operesheni na ndilo linalopewa heshima zote hapo kwa binti yako. Natumaini bandeji imetoka na mwanga haukuchomi tena. Mimi ni mzima, ukiacha magoti yanayolia kama bawaba, na kifua ambacho kila nikipanda ngazi kinanidai maelezo. Kuku wako wote wapo. Yule jogoo mwenye kiburi naye yupo. Tumepigana mara mbili, na sikushinda hata moja.

Kabla hujaendelea: kama ni binti yako anayekusomea, mwambie akunje karatasi hapa hapa na airudishe kwenye bahasha. Mwambie baba yake mkubwa kaandika matusi, ataamini, ananijua. Wewe subiri jicho lipone, usome mwenyewe ukiwa umekaa. Simu nimeinyanyua mara nne ili nikwambie, na mara zote nne nikaishia kukuuliza habari za dawa ya matone. Kwenye simu mimi ni mtu wa mzaha, na mzaha ndio mlango wangu wa kutorokea. Kwenye karatasi angalau sikusikii ukicheka.

Nianze na kompyuta yako, maana ndiyo iliyokukosesha usingizi kuliko hilo jicho.

Siku mbili kabla hujasafiri ulinikalisha kwenye kiti chako kule chumba cha nyuma. Ukanieleza kwamba mashine inanguruma kama kinu cha unga, kwamba fundi atakuja Jumanne kubadilisha diski ya ndani, na kwamba kabla hajaigusa ni lazima mradi wako wa reli uwe umenakiliwa kwenye kile kisanduku cheusi cha nje. Ukaniandikia hatua kwa herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Funga mchezo. Fungua ukurasa wa miradi. Bonyeza Hifadhi Nakala. Na chini kabisa: usiguse Rejesha, ukapiga mistari miwili. Nikakuuliza kama ndiyo nimeajiriwa tena, na miaka yangu hii sabini na minne. Ukasema nimeajiriwa kwa siku moja, na sare sipewi.

Mungu anisamehe kwa jinsi nilivyoucheka mchezo ule. Mtu mzima, kichwa cheupe kama pamba, umevaa visikizio na kuendesha treni ya hewa, unasimama kila stesheni kumngoja abiria ambaye hayupo. Nilimwambia shemeji akupigie pasi sare ili usichelewe zamu. Wewe ukajibu kwamba treni zako angalau zinafika. Miaka kumi na moja umelaza reli ya zamani kwenye kioo, kutoka stesheni hadi machimbo ya mawe, kalvati kwa kalvati. Wiki nzima ulikuwa unapanda nyasi. Ulikuwa unakuja kwangu na daftari kuniuliza kibanda changu cha kuongozea ishara za treni kilikuwa na vidato vingapi vya ngazi, dirisha lilikuwa na kimo gani, mlango ulikuwa rangi gani. Nami nikakujibu kwa majivuno, tena nikakusahihisha ulipokosea. Vidato kumi na vinne, si kumi na viwili. Sikujua kwamba ninajipimia sanda.

Jumatatu mchana, nilipokwisha kuwapa kuku maji, nikakaa kwenye kiti chako. Uliniambia nifunge mchezo, nami nikaufungua. Nilitaka kuona tu. Pembeni kulikuwa na orodha ya mahali pa kutazamia ulipokuwa umepahifadhi, kila pahali na jina lake: Daraja, Machimbo, Kiti cha Dereva. Na ya mwisho: Dirisha la Kaka.

Nikaibonyeza. Nikajikuta nimesimama kibandani mwangu. Nyenzo saba za kuvutia ishara zipo, rangi ya buluu imebanduka pale pale ilipobanduka, hadi kikombe changu cha bati kinaning'inia kwenye msumari. Nilifurahi, wallahi, kama mtu aliyekuta nyumba yake haijabomolewa. Halafu nikatazama nje, nikaona tangi.

Lile tangi la chuma la kunyweshea injini za mvuke, lililokaa juu ya nguzo nne za matofali. Lilivunjwa na kuuzwa vyuma chakavu mwaka uliofuata baada ya wewe kufukuzwa. Nilikuwa nimelisahau. Au tuseme nilikuwa nimeshajizoeza kulisahau hadi nikafuzu. Shemeji aliniambia baadaye kwamba picha yake uliipata kwa mjane wa karani wa stesheni, ukalijenga mwaka huu huu. Nikageuza macho ya mchezo kushoto, nikayageuza kulia, nikainama, nikasimama. Kutoka dirishani kwangu haionekani ile nguzo yenye mkono wa ishara. Haionekani reli hadi kwenye kona. Linaonekana tumbo la tangi na kutu yake, basi.

Sasa mambo yanayofuata unayajua, lakini nayaandika kama kwa mtu asiyejua, kwa sababu barua hii itasomwa na wengine.

Miaka thelathini na sita iliyopita, asubuhi, ulikuwa unatoka machimboni na mabehewa kumi na nane ya mawe. Mafundi wanne wa njia walikuwa na toroli lao mbele ya stesheni. Uliwagonga. Wawili walikufa na mmoja alikatwa mguu. Mbele ya wachunguzi ulisema mkono wa ishara ulikuwa chini, maana yake njia ni nyeupe, pita. Mimi nikasema hapana. Nikasema nilikuwa dirishani kwangu, nikauona kwa macho yangu mkono uko juu, nikaiona treni inatokeza kwenye kona, nikapeperusha bendera nyekundu hadi bega likaniuma, na dereva akapita tu kama haoni. Wachunguzi walikaa ofisini kwa mkuu wa stesheni, chini ya feni, wakanywa chai. Hakuna hata mmoja aliyepanda vidato kumi na vinne kwenda kusimama pale niliposema nilisimama. Wakaandika kwamba macho yako ni mabovu. Macho yaliyokuwa yakisoma namba za behewa kutoka ng'ambo ya uwanja.

Wewe ukafukuzwa, ukaishia kutengeneza redio za watu barazani. Mimi nikapandishwa cheo, nikahamishiwa njia panda kubwa, na watu wakanibandika jina la Bendera. Na wewe, mdogo wangu, ndiye uliyekuwa ukiwaambia watu kwamba kaka yako hawezi kusema uongo hata kumwokoa ndugu yake, na kwamba kwa hilo unamheshimu. Heshima hiyo nimeila miaka yote hiyo na haijapata kushuka kooni vizuri.

Mwaka huu tume ikaundwa kupitia upya kesi za zamani za reli, na wewe umepangiwa mwezi ujao. Ulisema utawapelekea kompyuta nzima mezani. Mimi nilidhani utawaonyesha Kiti cha Dereva.

Ndani ya kisanduku cheusi kulikuwa na nakala moja tu, ya miaka miwili nyuma, kabla ya picha, kabla ya tangi. Hifadhi Nakala na Rejesha zimekaa bega kwa bega kama sisi tulivyokuwa tukilala utotoni. Nikabonyeza Rejesha. Mashine ikaniuliza: yote yaliyopo sasa yataondolewa na mahali pake patawekwa nakala ya tarehe fulani, una uhakika? Nikakaa nikaitazama. Katika jambo hili lote, tangu mwanzo wake, hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina uhakika. Wachunguzi hawakuniuliza. Ikaja kuniuliza mashine. Nikabonyeza Ndiyo.

Ilichukua dakika tisa. Nilipofungua tena, nyasi hakuna, udongo mtupu. Kibanda changu kilikuwa boksi la kijivu lisilo na mlango. Dirisha la Kaka halimo kwenye orodha. Ndipo nikafanya kazi uliyoniajiri: nikabonyeza Hifadhi Nakala, nikanakili ujinga juu ya ujinga.

Fundi akaja Jumanne, akabadilisha diski, akaurudisha mradi kutoka kwenye kile kisanduku kama ulivyomwagiza. Ile diski ya zamani nilimwomba aniachie, nikasema naitaka ya kuegemezea mlango. Alipoondoka nikaipigilia misumari mitatu.

Uliponipigia simu nikakwambia fundi ameharibu. Unajua yaliyofuata, maana ni wewe uliyeyafanya, lakini kwa mdomo wangu. Uliwapigia majirani mmoja mmoja, ukamwita mharibifu wa kazi za watu, na kila mwenye mashine kwake akaenda kuichukua. Fundi akaja kwangu, akaniuliza kama niliona akikosea hatua yoyote. Nikamkaribisha chai. Nikamshauri siku nyingine awe mwangalifu.

Wiki iliyopita nilikuandikia barua nyingine. Ilikuwa barua nzuri. Ilisema kwamba mzee wa darasa la nne alichanganya vibonyezo viwili na anaomba radhi, na palikuwa na utani mzuri kuhusu miwani yangu. Ungecheka, ungenisamehe kabla ya kufika mwisho. Niliisoma mara mbili nikaona jinsi inavyokaa vizuri, nikaitambua. Ni ushahidi wangu ule ule wa chini ya feni, umebadilishwa nguo tu. Nikaichana.

Kwa hiyo sikiliza, mdogo wangu. Asubuhi ile sikuwa dirishani. Nilikuwa nyuma ya ghala la mizigo nacheza drafti na mchukuzi, kwa vizibo vya soda, na nilikuwa na kingi mbili. Mkono wa ishara niliushusha mimi ili treni ya abiria ipite, na ilipopita sikuupandisha. Mkubwa wa mafundi wa njia, mmoja wa wale wawili waliokufa, alinijia pale kuomba ruhusa ya kuingiza toroli, nikamwambia waingie, huku mkono ungali chini na mimi nawaza kingi ya tatu. Nilisikia honi yako. Halafu nikasikia ile sauti, ambayo sitaiandika. Nilikimbia, nikapanda vidato vyote kumi na vinne, nikavuta wenzo, mkono ukapanda. Ndipo nikachukua bendera. Watu walipofika walikuta ishara iko juu na mimi nimeshika kitambaa chekundu, wakajitungia wenyewe hadithi yote, mimi nikaitikia tu. Mchukuzi alikufa na siri yake. Macho yako hayakuwa na kasoro. Uliona kilichokuwapo.

Liko jambo moja linanila, nalo ni lile jina. Dirisha la Kaka. Mtu haweki mahali pa kutazamia bila kutazama. Basi ulikuwa umesimama pale kabla yangu, ukaliona tumbo la tangi. Ama uliliona ukakataa kulielewa, ukanikabidhi kazi ya miaka kumi na moja kwa sababu mimi ni kaka yako. Ama ulielewa kila kitu, ukaniacha peke yangu na vibonyezo viwili uone nitabonyeza kipi. Sijui lipi lingeniumiza zaidi. Usinijibu.

Alhamisi nilikwenda ofisi za tume. Nilikaa kwenye benchi la korido saa nzima, kofia mapajani. Karani akatoka, akaniuliza kwa adabu kama nahitaji msaada. Nikamwambia natafuta choo. Akanionyesha, nikaenda, nikarudi nyumbani. Kwa hiyo usiitegemee miguu yangu, na mdomo wangu usiutegemee kabisa. Mwezi ujao ni karibu na macho yako hayawezi kujenga upya, na ile picha peke yake inaonyesha tangi, haionyeshi dirisha. Hii barua ndiyo utakayoweka mezani. Nimeweka sahihi na dole gumba kwenye kila ukurasa, kwa sababu wanaonijua watasema ni utani wa mzee Bendera.

Kwa fundi nimeshakwenda, jana mchana. Nilimweleza nimesimama mlangoni, hakunipa kiti. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akarudi kwenye bisibisi zake. Utakaporudi, wewe ndiye wa kuzunguka kwa majirani wale wale uliowapigia simu, ulisafishe jina lake.

Msalimie shemeji, mwambie ile khanga yake ya kufunikia kompyuta nimeifua. Msalimie mwanangu, binti yako, na umwambie matusi yalikuwepo kweli, ila yalikuwa yangu mwenyewe. Tia dawa yako ya matone kwa saa zake, usilifikiche jicho.

Na ukimaliza kusoma, kabla hujaipeleka mahali popote, nenda dukani uitoe kopi. Hii yenye dole gumba wape tume. Kopi ifiche, na hata nikija kukuomba kwa machozi, usiniambie umeiweka wapi.

Kaka yako